Jicho la Kushoto la Bi Zuwena

Mkono wangu umezoea kuandika vipimo vya macho, sita kwa sita na sita kwa sitini, si habari ndefu. Lakini tangu nirudishe funguo za chumba cha vipimo, vijana niliowaacha pale kliniki wananijia nyumbani mmoja mmoja na swali lile lile: "Mzee Yona, zamani mlikuwa mnatibu macho kwa kitu gani?" Wanauliza huku wanatabasamu. Juzi mmoja alinieleza habari za leza, mwanga unaochoma nyuma ya jicho bila kisu, akidhani ananipa jambo jipya. Nikamwambia mwanga wa namna hiyo nimeuongoza kwa mikono yangu hii, juu ya paa, miaka ya hamsini, hapa hapa Tanga. Akacheka. Basi nimeketi kuandika kwa sababu kicheko chake kimeniudhi, na kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye nisipomwandika nitaingia naye kaburini.

Nilishuka Tanga kutoka milimani Usambara juu ya lori la kabichi, nikanuka kabichi wiki nzima. Baba yangu alikuwa mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri. Alinipa Biblia, koti zito la baridi na onyo kuhusu tembo la mnazi. Lile koti sikulivaa hata siku moja. Kliniki ilikuwa katika nyumba ya zamani ya Wajerumani, njia ya kwenda Raskazone, yenye paa bapa la saruji. Siku ya kwanza nilimkuta mzee mfupi, kofia kichwani, anachemsha vidondoshea dawa kwenye sufuria kana kwamba anapika maharage. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba bila kugeuka, kisha akauliza, "Umetumwa kuja kuangalia au kuja kufanya kazi?" Huyo ndiye Mzee Bakari, Mdigo wa Moa, dresa mkuu, yaani msaidizi wa daktari, na mwalimu wangu.

Mwezi wa kwanza sikugusa jicho la mtu. Nilifua bandeji, nilikata pamba, nikachonga herufi ya E kwa msumeno kutoka ubao wa sanduku la sabuni. Mgonjwa alipewa herufi hiyo mkononi. Ukimwonyesha E ya ukutani, naye aigeuze yake ielekee vivyo hivyo, juu, chini, kulia au kushoto, hata kama hakwenda shule. Mzee Bakari alikuwa na desturi iliyonichosha: kila baada ya wagonjwa wawili watatu aliigeuza chati ya ukutani. Nikamuuliza kwa nini tunajisumbua. "Nenda kakae kwenye benchi usikilize," akaniambia. Nikaenda. Wakata mkonge walikuwa wamejipanga, na wa mwisho wao, kabla hajaitwa, alikuwa anajinong'oneza majibu ya waliomtangulia, "Juu, kulia, kulia, chini." Hakuwa mwongo, maskini. Aliogopa tu kushindwa mbele ya wenzake.

"Umeona?" Mzee Bakari akasema. "Usimuulize mgonjwa kama anaona. Atakwambia anaona ili asikuudhi. Muulize anaona nini. Na kichwa cha mtu ni ghala, Yona. Ukimwacha achote humo, hutajua jicho lenyewe limefanya kazi gani." Maneno haya nimewapa vijana wote waliopita mikononi mwangu. Wengine waliyaandika kwenye daftari, wakadhani ni hekima yangu, nami sikuwasahihisha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Tuling'oa kope zilizogeukia ndani, tukaosha macho yaliyotiwa utomvu na mkojo na waganga wa mitaani, tukatoa miiba ya mkonge. Mwiba wa mkonge ukiingia jichoni hauombi radhi. Mgonjwa wangu wa kwanza wa mwiba alikuwa kibarua wa kutoka bara, na mimi ndiye niliyeanguka kwa kizunguzungu, yeye akaniletea maji. Mzee Bakari aliisimulia habari hiyo kila alipopata msikilizaji.

Mwaka wangu wa tatu akaletwa daktari mpya, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Wagonjwa walimbatiza jina la Bwana Jua, na nitaeleza kwa nini. Alikuwa ameona huko Ulaya kwamba mwanga mkali wa jua, ukiingizwa jichoni kwa kipimo, unaweza kuchoma sehemu ndogo ya nyuma ya jicho, na kidonda kikikauka kinaziba panapovuja. Akaja na sanduku la vioo. Akafunga kioo kimoja kikubwa juu ya paa, akatoboa tundu, akashusha bomba hadi chumba cha giza chini. Mwanga ulishuka kwenye bomba, ukapita kwenye vioo vingine mezani kwake, ukaingia kwenye mboni ya mgonjwa iliyokwisha kufunguliwa kwa dawa. Jua haligandi mahali pamoja, kwa hiyo kioo cha juu kilitaka mtu wa kukigeuza kidogo kidogo. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilichuchumaa juu ya saruji ya moto kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, kitambaa cha maji kichwani, nikisubiri kengele ya daktari kutoka chini. Kengele moja, geuza. Kengele mbili, funika.

Wenzangu mtanielewa nikieleza kidogo, maana jambo lote limekaa hapa. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, na katikati ya utando huo kuna mahali padogo kuliko punje ya ulezi. Hapo ndipo penye kazi ya kusoma, ya kutunga uzi kwenye sindano, ya kutambua uso wa mtu. Pakiharibika, mtu hawi kipofu wa kugonga kuta. Ataona ukuta, ataona mlango, ataona mbuzi anayepita kando. Ila kile anachokitazama ndicho asichokiona.

Bi Zuwena alikuja kwetu wakati wa kaskazi, mbingu nyeupe kwa jua. Alikuwa mama wa makamo kutoka Ngamiani, wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa Omani, mumewe ana minazi njia ya Pangani. Nyumbani kwake alisomesha Kurani watoto wa kike, na baina ya darasa na darasa alishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi. Nilipomwamkia akanisikiliza lafudhi, akauliza, "Wewe Mshambaa?" Nikakubali. "Basi nitapona," akasema. "Mshambaa akishika kitu haachi, hata kiwe kiazi cha moto." Mimi hucheka kwa shida, lakini siku hiyo nilicheka.

Macho yake yote mawili yalikuwa yanavuja maji pale katikati ya utando. La kulia lilikuwa baya zaidi. La kushoto lilikuwa na ukungu, lakini bado alishona nalo na bado alisoma nalo. Daktari alilipima hilo kwa muda mrefu, kisha akaniita pembeni. Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba ya walowezi. "Yona, sikia. Sisi nachoma ile ya kulia kwanza. Kama ile ya kulia nasoma, mimi nachoma ya kushoto. Kama hapana soma, ya kushoto mimi hapana gusa. Mimi naona jicho tu. Jicho naona nini, mimi hapana jua. Wewe nasema." Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo, nisiseme uongo.

La kulia likachomwa. Mimi juu, wao chini, kengele zikalia, nikafunika. Mwezi mmoja baadaye daktari akachungulia ndani akafurahi: pamekauka, kovu jeupe safi. Akaniachia mgonjwa nimpime. Mzee Bakari hakuwapo, alikuwa Moa kwenye matanga ya mama yake, na likizo yake ilikuwa haijaisha.

Nikaziba jicho la kushoto kwa pamba na bandeji, barabara kabisa. Hapo sikukosea. Kwenye chati ya E alipata zile mbili kubwa tu, na alikuwa akigeuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Niliona. Nikajiambia ni mama wa heshima, anaona haya kumkabili mwanamume. Kisha ikaja zamu ya kusoma kwa karibu. Kadi zetu zilikuwa za herufi za Kizungu, na Bi Zuwena hakuzijua. Yeye alisoma za Kiarabu. Tangu juma lililotangulia nilikuwa nimekwisha kupata wazo, nikamwambia aje na juzuu yake ya Kurani ya nyumbani. Nilijiona nina akili kuliko Mzungu.

Alikuja nayo imefungwa kwenye kitambaa cha kijani, amekwisha tia udhu. Sikuigusa. Akaiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kuegemeza msahafu, akaifungua mwenyewe, akatulia kidogo. Kisha akaanza. Yarabi, mama yule alikuwa na sauti! Alisoma bila kusita, anavuta pa kuvuta, anakata pa kukata, hata wagonjwa wa kwenye benchi nje wakanyamaza na mmoja akasema "Mashaallah." Alifunua ukurasa, akaendelea. Mimi nimesimama na kalamu yangu, mtoto wa mzee wa kanisa, sijui alifu wala be, natikisa kichwa kana kwamba nafuatilia. Sikumsimamisha. Niliandika kwenye daftari: "Jicho la kulia, kwa karibu anasoma vizuri sana." Lile "sana" niliongeza kwa furaha.

Daktari akasoma nilichoandika, akanipiga bega. Juma lililofuata nilipanda tena juu ya paa, nikashika kioo, nikalielekeza jua kwenye jicho la kushoto la Bi Zuwena. Hakukuwa na wingu hata moja. Mara nyingi nimetamani lingepita wingu siku ile.

Mzee Bakari aliporudi, wiki mbili baadaye, alikaa na daftari kuangalia yaliyopita. Akafika pale. "Bi Zuwena huyu ni wa Ngamiani? Mwalimu wa chuo cha Kurani?"

"Ndiye."

"Kasoma nini?"

Nikamweleza habari ya juzuu, kwa fahari. Nilisubiri anisifu. Akavua kofia, akaiweka mezani, sikuwahi kumwona akiivua kazini.

"Yona. Yule mama ana Kurani nzima kifuani. Tangu msichana. Mji mzima unajua."

"Lakini alikuwa anatazama kitabu..."

"Hata ungempa kitabu cha simu angekusomea hivyo hivyo! Lahaula! Chati unageuza kila siku, ukutani hapo, halafu mtu unampa kitu alichokihifadhi miaka arobaini?"

Wallahi, nami nilijifunza kuapa hivyo kwa watu wa pwani, siku ya mwiba ilikuwa nafuu. Kila Mwislamu aliyekuwa kwenye benchi siku ile angeniambia, kama ningeuliza. Sikuuliza.

Tukamwita Bi Zuwena. Nilitaka kwenda kujificha stoo, Mzee Bakari akanishika mkono wa shati. Yeye hakutaka juzuu. Alichukua ubao wa watoto na chaki, akaandika kwa herufi za Kiarabu maneno ya Kiswahili, kwa ukubwa wa kidole. Baadaye aliniambia alikuwa ameandika "kuku wa Bakari ametaga". Akamwekea mbele. "Soma hapa, dada yangu, taratibu tu."

Bi Zuwena akautazama ubao. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto, akainua kidevu. Akapapasa kingo za ubao kwa vidole. "Ubao nauona," akasema. "Mkono wako nauona. Maandishi umeyaweka wapi?"

Tukaziba la kulia, tukaziba la kushoto. Jibu likawa lile lile. Mzee Bakari akamwambia macho hayajatulia, arudi baada ya mwezi. Nami nikasimama pale nikaitikia, "Ndiyo, bibi, hayajatulia." Huo ndio uongo wangu wa pili, baada ya ule wa daftarini, na huu nilijua ni uongo.

Daktari nilimwambia mwenyewe, sikumwachia Mzee Bakari. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa akitazama ile sentensi yangu, akasema, "Wewe naandika, mimi naamini." Siku ya pili tulipanda pamoja kufungua kioo, tukakifunga kwenye magunia. Hakukitumia tena. Hata mwaka haukuisha akarudi kwao. Watu wakasema joto limemshinda.

Bi Zuwena alirudi mwezi ule, na mwezi uliofuata, kisha hakuja tena. Kwa miaka mitatu sikupita barabara ya kwao. Ngamiani barabara zina namba, kwa hiyo ni rahisi kukwepa: nilikuwa na baiskeli, nikifika karibu nakata kona, nazunguka barabara mbili zaidi juani. Mke wangu aliuliza kwa nini kwenda sokoni kunanichukua asubuhi nzima. Nilisema baiskeli ni mbovu. Mzee Bakari alijua, na siku aliyostaafu, badala ya kuniaga vizuri kama watu, akaniambia, "Nenda kwa yule mama. Mimi nimekufundisha kila kitu, hilo siwezi kukufanyia."

Nikaenda. Nilimkuta ukumbini, watoto wamemzunguka, kila mmoja anasoma na yeye anamsahihisha kwa sikio tu, fimbo pembeni. Mumewe alikuwa barazani, mlango wazi. Sindano na kofia sikuziona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akageuza uso, akautazama ukuta, nikajua ananitafuta mimi kwa pembe ya jicho. "Hiyo sauti ya Mshambaa. Umenikimbia miaka mitatu. Kaa."

Nikakaa jamvini pamoja na watoto, nikasema yote. Juzuu, daftari, kioo, uongo wa "hayajatulia". Nililia, siwafichi. Wale watoto walinitazama kama sinema. Bi Zuwena akawaambia wakacheze uani.

"Siku ile nilipofungua juzuu," akasema, "sikuona hata neno. Palikuwa na doa katikati, kama mtu kamwaga wino. Nikaona haya. Nikuambie wewe, kijana wa Kikristo, kwamba maneno ya Mungu siyaoni? Nikasema, nitaanza, labda yatatokea. Yakatoka mdomoni yenyewe. Halafu ukasema nasoma vizuri. Nyumbani nikifumbua yote mawili naona, maana la kushoto lilikuwa bado linaona. Nikasema hawa watu wana vyombo, wanajua kuliko mimi. Haya yangu ndiyo hiyo. Na yako ilikuwa ipi? Mbona hukuniuliza hata neno moja, pale katikati ya ukurasa, hili ni lipi?"

"Zile herufi sizijui, bibi. Sikutaka ujue."

Nilidhani atanifukuza. Akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi siku ile tulikuwamo wawili wasiosoma chumbani, kila mmoja anamficha mwenzake. Masikini jicho langu." Kisha hakucheka tena. Akapapasa goti lake, pale alipokuwa zamani akiweka kofia ya kushona. "Ungesema hujui, ningekufundisha. Ndiyo kazi yangu."

Nikamwambia anifundishe sasa. Sijui nilikuwa nataka nini, labda adhabu. Akakubali, na kila Jumamosi baada ya kazi nikawa nakaa jamvini na watoto wa miaka saba, mtu mzima na masharubu, ubao magotini, alifu, be, te. Hakunifundisha Kurani, alinifundisha herufi, na maneno yetu ya kawaida: nazi, mlango, kisima. Binti mkubwa wa darasa aliniandikia ubaoni, nami nilisoma kwa sauti, na Bi Zuwena alisikiliza, uso wake umeelekea ukutani. Wale watoto walinicheka kweli. Walikuwa na haki.

Jumamosi moja, mwezi wa nne au wa tano hivi, nilisoma ubao mzima bila kukwama. Nilifurahi kama mtoto, nikasubiri neno lake.

"Yona," akasema, "unasoma, au umekwisha kariri?"

"Nasoma, bibi."

Akanyoosha mkono, nikampa ubao. Akauinua karibu na uso, akaugeuza huku na huku penye mwanga wa mlango, kisha akanirudishia.

"Basi itabidi nikuamini," akasema. "Kama ulivyoniamini mimi."